Mkono wa Mwalimu Anselmi

Tulimzika Mwalimu Anselmi kijijini kwao, nje kidogo ya Ushirombo, akiwa na mkono mmoja, na mtu aliyesababisha uwe mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, anakunywa chai ya msiba. Anaitwa Masalu. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, kwa hiyo kwa heshima zetu namwita baba mdogo, na miaka yote nimelitamka neno hilo kama mtu anayetema mchanga uliobaki kwenye wali. Tangu asubuhi alikuwa ametuma mjumbe kwangu: anaomba nimsamehe, leo hii, mbele ya watu. Nikamwambia mjumbe amwambie asubiri. Nasema mapema ili asije mtu akadai nimemdanganya: mimi si mwepesi wa kusamehe. Kuna waliojaliwa kusahau. Mimi nilijaliwa kumbukumbu, na nimeitunza vizuri kuliko ngozi yangu, ambayo madaktari wananisema kwa ajili yake kila nikienda kliniki.

Sasa nina miaka thelathini na nina karakana ya kushona Geita mjini. Nashona ovaroli za wachimbaji na kofia pana za watoto wenye ualbino kama mimi. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tano, ndani ya ukuta wa shule ya bweni pembeni mwa mji wa Shinyanga. Kulikuwa na vita. Havikutangazwa redioni kwa jina hilo, lakini mtu akiwindwa shambani, kisimani na kitandani kwake, mimi sijui neno lingine la kutumia. Baadhi ya waganga walikuwa wamewaambia wachimbaji kwamba kiungo cha mmoja wetu kikifukiwa kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, basi duara litatema. Watu wazima, wenye ndevu, waliosoma kuhesabu mpaka elfu, wakaamini. Ndipo watoto tukakusanywa kutoka Kahama, Bukombe, Geita na kwingineko, tukawekwa mahali pamoja. Ua wa minyaa ukang'olewa, ukajengwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake. Wawindaji wakabaki nje wanatembea, wanakunywa soda, wanaoa. Sisi tukafungiwa. Mpaka leo hesabu hiyo haijaniingia akilini.

Bweni letu lilikuwa ghala la pamba zamani, na mvua ikinyesha lilirudisha harufu ya magunia. Tulilala wawili wawili, kichwa kwa miguu, na dirisha lilikuwa juu sana hata ukisimama juu ya kitanda cha pili huoni kitu ila mawingu. Mwalimu Anselmi alifundisha hesabu. Alikuwa na nyumba ya serikali ng'ambo ya barabara, yenye sebule na mti wa mpera, lakini tulipoletwa sisi aliiacha, akahamia chumba kidogo cha vifaa karibu na geti, akalala kati ya majembe na mipira ya miguu. Mkewe, Mama Leokadia, alibaki Ushirombo na shamba. Alikuwa mrefu, mkimya, suruali zake zote ziliishia juu ya vifundo, na alikuwa na mwandiko mkubwa kuliko wa mwalimu yeyote niliyewahi kumwona. Alituweka madawati ya mbele na kuandika tarakimu zenye ukubwa wa sahani, ubao mzima ukajaa kwa hesabu mbili tu. Walimu wengine walimtania kwamba anamaliza chaki za mkoa. Yeye alijibu, "Chaki zitakuja nyingine."

Zilipoletwa fomu za kujaza jina la mzazi au mlezi, wengi wetu hatukuwa na wa kumwandika. Alikaa nazo, kalamu mkononi, akajaza zote, na palipoandikwa uhusiano akaandika neno moja: baba. Ofisa aliyekuja kuzichukua alizipekua, akaanza kucheka. "Mwalimu, watoto arobaini na tatu! Umezaa na wanawake wangapi?" Mwalimu alikuwa anapiga mswaki nje ya chumba chake. Akatema, akasukutua, akasema, "Mheshimiwa, ungenisaidia kubeba hizo fomu usingepata nafasi ya kuuliza." Tulilicheka jibu lile wiki nzima. Darasani tulimwita Mwalimu, lakini tangu siku ile, tukiwa kwenye chakula, wadogo walianza kumwita Baba, na sisi wakubwa tukajifanya tumewasikia vibaya mpaka na sisi tukazoea.

Chakula chetu kilikuwa ugali na maharage, asubuhi uji, na Jumapili Mwalimu alileta michembe kutoka kwao, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaitafuna mpaka taya zikauma. Aliyepika alikuwa Bi Zuhura, mama wa mjini Shinyanga mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Dirisha la jiko lake ndilo lililokuwa redio yetu. Tukichambua maharage pale chini tulimsikia akizungumza na mlinzi. "Wamepata mwingine wiki hii, mtoto wa miaka sita. Na aliyewapeleka nani?" Mlinzi alisema hajui. "Shemeji yake mama mtu!" Bi Zuhura akasema. "Ndugu! Siku hizi mgeni namwogopa kidogo, ndugu namwogopa kabisa." Kisha akachungulia, akatuona, akatufukuza na mwiko wa ugali. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na hayakunisaidia kitu.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake juu ya wageni. Yeyote aliyekuja kumtembelea mtoto, awe mama, kaka au mjomba, kwanza aliketishwa mkekani, akaletewa maji ya kunawa, akala na watoto kwenye sinia moja. Na Bi Zuhura alikuwa ameagizwa kuweka chumvi ya kutosha siku za wageni. Asiyekula alisindikizwa getini kwa upole na hakurudi. Tuliona ni ukarimu wa Wasumbwa tu, kabila lake. Sababu niliijua baadaye. Mwalimu alikulia jirani na machimbo na alijua miiko yao: mtu aliyekwenda kwa mganga kwa ajili ya duara hupewa siku za kutooga, siku za kutolala na mke, na zaidi ya yote siku za kutogusa chumvi. Akiila, dawa imekufa na safari yake imekufa. Mwalimu hakuwa na silaha wala askari, alikuwa na chungu cha maharage, na chungu kile kilikuwa kimewageuza wanaume wawili getini kabla sijafika mimi. Lakini hakutuambia. Aliona watoto wanaoogopa giza hawana haja ya kuogopa na chakula. Alikosea hapo tu, na nimemtetea kwa kosa hilo kwa kila aliyewahi kulitaja.

Mimi sikuwa na mgeni tangu nifike. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wenzangu walipakwa mafuta, wakakaa mkekani na mama zao, nami nilijitafutia kazi ya kuosha masufuria ili nionekane nina shughuli. Kwa hiyo Masalu alipotokea getini na mkate, chupa ya juisi na gauni la njano, nilikimbia nikampigia magoti. "Shikamoo, baba mdogo!" "Marahaba, mayu! Umekua jamani, nani huyu?" Mayu ni neno la kwetu la kumwita binti kwa upendo. Alininyanyua. Alinuka jasho la siku nyingi, jasho la zamani, na mimi kwa upumbavu wa upendo nikaona ni harufu ya nyumbani. Akaniambia mama anaumwa sana, ananililia, na ana barua yake ya kuniombea ruhusa siku tatu. Kisha akatazama chungu kilichokuwa kinaletwa, akaninong'oneza sikioni kwamba daktari amemkataza chumvi kwa sababu ya presha, lakini anaona aibu kumkatalia Mwalimu chakula mbele za watu. "Nisaidie, mayu. Usiniaibishe."

Nilikwenda jikoni mbio. "Bi Zuhura, shikamoo, naomba maharage ambayo hayajatiwa chumvi. Ni ya mgonjwa." Alikuwa amebeba sufuria mbili, moshi unamwingia machoni, wanafunzi wanamzonga. "Yamo kwenye kile kijungu cha Shija, yule mwenye figo. Chukua kidogo, usimmalizie." Nikachota. Nikajaza bakuli, nikaliweka upande wa baba mdogo kwenye sinia, na yeye akala vizuri, kwa tonge kubwa kubwa, akimsifia mpishi. Mwalimu alimtazama akila mpaka mwisho. Kisha akasoma barua. Kisha akasema hakuna mtoto anayetoka hapa peke yake, atatusindikiza mwenyewe na kurudi nami. Masalu akacheka. "Karibu sana, Mwalimu. Nyumbani ni nyumbani."

Tulipanda basi la Kahama Jumatatu asubuhi, tukashuka njia panda, tukashika njia ya miguu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, Mwalimu ameniwekea koti lake begani juu ya mikono mirefu niliyovaa. Alitangulia yeye, mimi katikati, Masalu nyuma ameshika mkono wangu. Tulikuwa tunapita kando ya ngitili, eneo la malisho lililofungwa ng'ombe wasiingie, majani yake yananifika shingoni. Mwalimu alikuwa ananiuliza hesabu ya saba mara kumi na tatu. Nikahisi Masalu ameniachia mkono. Nikageuka, nikamwona ameinama kando ya njia anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makatambuga, viatu vya matairi, visivyo na kamba hata moja. Nilitazama vidole vyake vikihangaika hewani juu ya vile viatu, nikataka kumwuliza anafunga nini, na majani yakafunguka.

Walikuwa wawili. Sitawaeleza, hawastahili maneno yangu. Nitasema alichofanya Mwalimu: aliruka nyuma, akaniangusha, akanilalia, na mkono wake wa kulia akauweka juu ya kichwa changu. Panga lilishuka mara tatu. Nilimsikia anasema, kwa sauti ileile ya darasani, "Tulia, Minza. Tulia mwanangu." Wachungaji wa upande wa pili wa ngitili walipiga mwano, ule ukelele ambao kwetu mtu akiusikia huacha hata mgonjwa akakimbia, na kwa dakika chache watu walijaa na marungu. Wale wawili wakakimbia. Na unajua aliyelia kwa sauti kuliko wote? Masalu. Alijigaragaza chini. "Majambazi! Majambazi wametuua!" Watu wakamnyanyua, wakampa maji, wakampa pole.

Mama hakuwa anaumwa. Mwalimu alikimbizwa hospitalini, mimi nikapelekwa nyumbani, tukamkuta anaanika mihogo. Alipoona damu kwenye gauni la njano alikaa chini palepale, na hakuniuliza hata swali moja, na kutouliza kule ndiko kulikonijulisha kwamba amekwisha kuelewa. Polisi walipokuja kuandika maelezo, alinivuta nyuma ya nyumba. "Shamba hili ni la nani?" akaniuliza. "La baba mdogo." "Na nyumba?" "Ya baba mdogo." "Ukimtaja, mimi na wadogo zako tutalala wapi?" Wazee wa ukoo nao walikuwepo, wanasema damu ni nzito kuliko maji. Damu iliyokuwa njiani wakati ule ilikuwa ya Mwalimu, lakini hiyo hawakuipima uzito. Basi nikasimama mbele ya polisi, naye akaniuliza niliona nini. Nikasema sikuona vizuri, macho yangu hayaoni mbali. Akatikisa kichwa, akaandika. Kila mtu anajua sisi hatuoni mbali. Masalu alikuwa hatua moja kutoka kwangu.

Mkono waliukata hospitalini, chini kidogo ya kiwiko. Mwalimu alirudi shuleni kabla ya muda aliopewa na daktari. Sikuweza kula. Siku ya tatu nilikwenda chumbani kwake, nikamkuta ana ubao mdogo magotini, anajifunza kuandika namba nane kwa mkono wa kushoto, nane imelala kama mlevi. Nikamwambia habari ya maharage ya Shija. Nilisema yote kwa pumzi moja, na viatu sikuvisema. Aliweka chaki chini. Kisha ndipo akanieleza kuhusu chumvi. "Kosa ni langu," akasema. "Nimewaficha sababu. Mtu humwambii kwa nini, unategemeaje akusaidie?" Kesho yake alisimama darasani akawaeleza watoto wote, wakubwa kwa wadogo, kila kitu: duara, mganga, mwiko, chungu. Wengine walilia. Baada ya hapo akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, tarakimu zilizopinda, kubwa zaidi kuliko zile za mwanzo, na hakuna mwalimu aliyetania tena habari za chaki.

Nilimaliza shule. Nilijifunza cherehani kwa sababu Mwalimu alisema kazi ya ndani, kivulini, itaniweka hai. Aliniandikia barua kila muhula kwa ule mkono wa kushoto, na mara zote alimalizia kwa kuniuliza kama nimevaa kofia. Masalu akaendelea na machimbo yake. Duara halikutema. Mama alifariki, na siku nilipomzika sikuwa tena na nyumba ya kulinda, lakini nilipokwenda polisi niliambiwa maelezo yangu ya kwanza yanasema sikuona. Ni neno langu dhidi ya neno langu. Wazee wakaniambia yaliyopita si ndwele. Nafikiri wanaopenda methali hiyo ni wale ambao yaliyopita hayakuwapitia wao.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa jikoni kwa Mama Leokadia, baada ya maziko, nasaidia kukausha sahani, ndipo aliponiambia. "Masalu alikuja hapa mwaka juzi. Alimwambia marehemu kila kitu. Alimwambia na habari ya viatu, na kwamba ulimwona." Sahani ilinitoka mkononi, haikuvunjika. "Mwalimu alijua?" "Alijua. Alilia siku ile, mwanangu. Si kwa ajili ya mkono. Alisema, kumbe mtoto amekaa na jambo hili peke yake miaka yote." Nikamwuliza kama alimsamehe. "Alimwambia, mkono ni wangu, nimekusamehe. Ya Minza si yangu, nenda kwake mwenyewe." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi. Nililia, ndiyo, lakini nisiseme uongo, nililia kwa hasira. Mzee yule alikuwa amekaa na mtu yule chumba kimoja, amempa kiti, labda amempa na chakula. Nilimpenda Mwalimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniita mwanangu, na saa ile nilimkasirikia kaburini. Mama Leokadia akanifuata. "Mimi sikwambii la kufanya," akasema. "Ila usifanye ukiwa hujaamua." Nikamwambia nimeshaamua.

Nikamwita Masalu. Watu walikuwa bado wengi: majirani, katekista, wanafunzi wa zamani kama mimi, na mtendaji wa kijiji, kijana mwenye daftari la michango. Masalu alikuja anakokota miguu, anakohoa. Vumbi la mashimo limemwingia mapafuni, na nilijua, maana mjumbe alikuwa ameropoka, kwamba mtazamia mmoja alimwambia kifua hakitafunguka mpaka aliyekosewa naye ampulizie maji. Huo ni utaratibu wa wazee wetu. Aliyekosewa huchukua maji kinywani, akampulizia mkosaji kifuani, na watu wakishuhudia jambo limekwisha, hakuna kinyongo wala kesi. Lakini maji hayapulizwi juu ya kosa ambalo halijatajwa. Ni lazima mkosaji aseme, na aseme kwa mdomo wake.

"Sema, baba mdogo," nikamwambia.

"Nilikukosea, mayu. Shetani alinipitia."

"Shetani simfahamu. Sema wewe ulifanya nini."

Akawatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Akakohoa, akafuta mdomo kwa kiganja. "Niliwaonyesha njia," akasema.

"Akina nani? Njia gani? Sauti, baba mdogo, kuna watu kule nyuma."

"Wale wawili. Tulikubaliana. Nilimchukua mtoto shuleni kwa barua ya uongo, nikamleta pale kwenye ngitili. Nikamwachia mkono. Nikainama ili wapite." Mwanamke mmoja nyuma akapiga yowe. Katekista akafanya ishara ya msalaba. "Mwalimu hakuwa kwenye mpango," Masalu akaendelea, kama vile hilo lilimpunguzia. "Tuliyemtaka ni mtoto tu."

Mama Leokadia akaniletea maji kwenye kata. Masalu akapiga magoti mbele yangu, mzee mzima, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalishika wazi kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho. Mbavu zake zilihesabika. Nilisikia pumzi yake inavyopiga mluzi. Nikanywa funda moja, nikalishikilia kinywani, mashavu yamejaa, na watu wote wananisubiri. Nataka ieleweke kwamba nilimwonea huruma. Ilikuwepo, niliihisi, ndogo, ya kweli. Nikaipima na miaka yote ile.

Nikameza.

Akangoja. Akafumbua macho, labda alidhani nimepaliwa. "Mayu," akasema taratibu, "maji?"

"Nimekunywa."

Nikamrudishia Mama Leokadia kata. Nikamgeukia yule kijana mwenye daftari. "Mtendaji, umesikia mwenyewe, na hawa wote wamesikia. Jumatatu asubuhi tunakwenda kituoni, utaeleza ulichosikia." Akasema ndiyo, dada, nitakwenda, na akafungua ukurasa mpya. Masalu alikuwa bado amepiga magoti, ameshika shati lake wazi.